Maji yakirudi bado baridi, usikimbilie kuwasha pampu ya pili

Kwenye jengo linalopozwa kwa maji ya chila (mashine inayopoza maji yanayozungushwa na pampu), iwe hoteli ya pwani au hospitali, namba ya kwanza kuiangalia ni tofauti ya joto kati ya maji yanayoingia kwenye koili (mirija ya maji baridi ambayo feni hupitishia hewa ya chumba) na yanayotoka. Mifumo mingi husanifiwa maji yaingie yakiwa 7°C na yatoke yakiwa 12°C, yaani tofauti ya nyuzi 5. Ikishuka hadi 2 au 3, unazungusha maji mengi yasiyobeba joto.

Hesabu yake ni fupi: gawa kilowati kwa 4.19, kisha gawa kwa tofauti ya joto, unapata lita kwa sekunde. Koili ya kilowati 50 yenye tofauti ya 5 inataka lita 2.4. Tofauti ikiwa 2.5, inataka lita 4.8 kwa kazi ileile. Kwenye mabomba yaleyale, maji yakiongezeka mara mbili, umeme wa pampu hupanda kwa takriban mara nane. Na chila iliyosanifiwa kwa kilowati 500, ikipokea maji ya 9.5°C badala ya 12 kwa mtiririko uleule, itatoa 250 tu. Hapo ndipo watu huwasha chila ya pili ilhali ya kwanza ina nusu ya nguvu yake haijatumika.

Kabla ya kulaumu koili, hakikisha vipimo. Kipimajoto kikikosea nusu nyuzi upande mmoja na nusu upande wa pili, umeshapoteza nyuzi nzima kati ya tano. Tumbukiza vyote viwili kwenye glasi moja ya maji na barafu, andika vinavyopishana, ndipo uvifunge juu ya chuma cha bomba kilicho wazi, kisicho na rangi wala kutu, na kuvifunika kwa sponji. Subiri dakika 15 hadi namba zitulie.

Sasa soma tofauti pamoja na hali ya chumba. Tofauti ndogo na chumba cha baridi kupita kiasi: vali, yaani mlango unaofungua na kufunga maji ya koili, inapitisha maji yasiyohitajika. Tofauti ndogo na chumba cha moto: joto la hewa haliyafikii maji, kwa hiyo anza na filta, mkanda wa feni na uchafu kwenye mapezi (vibati vyembamba vya koili). Tofauti kubwa, nyuzi 8 au 9, na chumba cha moto: maji hayatoshi, fungua streina (chujio la maji kwenye bomba) uisafishe. Tofauti kubwa na watu wametulia: usiguse kitu.

Vali ndiyo mkosaji wa mara kwa mara. Zima fenikoili (kifaa cha chumbani chenye feni na koili), subiri nusu saa, kisha shika kiwiko cha bomba linalotoka kwenye koili. Kwa unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa, bomba lenye maji baridi hutoa jasho muda wote. Vali ikiwa imefunga kweli, maji yaliyokwama ndani hupata joto na kiwiko hukauka. Kikiendelea kudondosha, kuna taka kwenye kiti cha vali, mota inayoisukuma vali imekufa, au presha ya pampu inaisukuma vali ifunguke. Hilo la mwisho husahaulika sana: presha inapowekwa juu "kwa usalama", mota ndogo za vali zilizo karibu na pampu hushindwa kufunga. Ishushe kidogo kidogo hadi vali ya koili ya mbali kabisa iwe wazi kwa takriban asilimia 90, uiache hapo.

Chunguza pia joto lililowekwa. Hewa ikiamriwa itoke ikiwa 10°C huku maji yanaingia yakiwa 9°C, koili haiwezi kamwe, na vali itabaki wazi asilimia 100 usiku na mchana. Kwa maji ya 7°C, hewa ya 13°C inafikika.

Kila kitu kikiwa safi na bado tofauti ni ndogo, fuata mabomba. Maji baridi yaingie upande ambao hewa inatokea, yatoke upande ambao hewa inaingilia. Kwenye koili nene ya safu nne au zaidi, kuyageuza hupunguza uwezo waziwazi, na dawa ni kuyabadilisha nafasi mabomba ya kuingia na kutoka tu.

Vali za njia tatu ni suala la usanifu: mzigo ukipungua, hurudisha maji baridi moja kwa moja bila kupita kwenye koili. Kwa pampu inayobadilisha kasi, weka za njia mbili zenye mota inayohimili presha ya pampu, ila bakiza moja au mbili za njia tatu mwisho wa laini ili chila isikose mtiririko wake wa chini kabisa.

Unapoosha mapezi, tumia maji ya presha ndogo kutoka upande hewa inapotokea, na sabuni isiyokula aluminiamu. Mashine ya kuoshea magari huyalaza mapezi, na yakishalala hewa haipiti tena, hata koili ing'ae.