Moby-Dick: Ahab na meli ya watu

Mkuu, umeuliza kama uendelee na Moby-Dick, riwaya ya Mmarekani Herman Melville kuhusu meli ya kuwinda nyangumi, baada ya kukwama sura ya 32, ile ya kupanga aina za nyangumi, na kama nahodha wake Ahab ni kichaa tu basi. Sura ya 32 iruke, hakuna atakayekudai. Kitabu usikiache, maana Ahab humwelewi mpaka ujue ile meli ni ya nani na mabaharia wanalipwaje.

Nimekulia Tanga kwenye nyumba ya wavuvi. Kwetu mapato yanagawanywa mafungu: la mwenye chombo, la nahodha, la mabaharia. Mkirudi mikono mitupu, mmekosa wote. Ndiyo maana sura ya 16, msimulizi Ishmael anapoandikishwa kwenye Pequod, meli ya Ahab, ilinikaa sana. Mshahara hakuna. Anapewa fungu moja katika 300 ya mapato ya safari, na hapo mzee Bildad, mmoja wa wenye meli, alishataka kumpa moja katika 777! Queequeg, mrusha chusa hodari kutoka visiwa vya Pasifiki, anapata moja katika 90. Hisa za meli nazo zimesambaa Nantucket, kisiwa cha Marekani inakotokea meli, wajane na yatima wamo.

Sasa mtu kama Ahab akabidhiwe chombo hicho. Nyangumi mweupe alimkata mguu safari iliyopita, naye anatoka tena kwa gharama za wenzake kwenda kulipa kisasi chake binafsi. Anapolitangaza hilo anapigilia sarafu ya dhahabu mlingotini na watu wanashangilia. Starbuck tu, msaidizi wake mkuu, ndiye anayemuuliza kisasi hicho kitatoa mapipa mangapi ya mafuta ya nyangumi. Wengi humwita mwoga. Mimi naona ndiye mtu mzima pekee mle ndani.

Sura ya 109 isome taratibu. Mafuta yanavuja ngamani, Starbuck anashuka kuomba meli isimame, mapipa yapandishwe yakaguliwe. Ahab hataki. Anaulizwa wenye meli watasemaje, anachomoa bunduki na kumwelekezea mwenzake. Starbuck hatetemeki, anamwambia Ahab ajihadhari na Ahab, kisha anatoka. Mzee akibaki peke yake anawaza kidogo, halafu anaamuru mapipa yapandishwe. Yaani akili anayo, na hesabu anaijua! Kichaa ningemsamehe. Baadaye, sura ya 123, Starbuck anasimama na bunduki ileile nje ya chumba alimolala Ahab, akijua risasi moja ingeokoa watu zaidi ya 30. Anairudisha mahali pake.

Melville hakubuni maisha haya akiwa mezani. Mwaka 1841 alipanda meli ya kuwinda nyangumi, Acushnet, na mwaka uliofuata akaitoroka visiwa vya Marquesas, huko Pasifiki. Meli za namna hiyo zilifika mpaka Unguja: J. Ross Browne, Mmarekani mwingine, aliiacha yake hapo kwa kuchoshwa na mateso, akaandika kitabu, na Melville akakihakiki mwaka 1847, miaka minne kabla ya Moby-Dick kutoka. Kwa hiyo nahodha anayewatumia watu atakavyo halikuwa jambo geni kwake.

Ukitaka kupima kisasi chenyewe, angalia meli zinazopishana na Pequod. Sura ya 100 kuna nahodha Mwingereza, Boomer, aliyepoteza mkono kwa nyangumi huyohuyo. Anaisimulia kwa utani, na kumwinda tena hana mpango. Kiungo kimoja kinatosha, anasema. Ahab anaondoka kwa hasira. Halafu sura ya 128, nahodha wa meli iitwayo Rachel anamsihi wasaidiane kumtafuta mwanawe aliyepotea baharini. Ahab anakataa, akisema hata hapo anapotezewa muda.

Mnaosema Starbuck alipaswa kufyatua ile bunduki, njooni tubishane. Mimi nasema hata angefyatua, nusu ya wale mabaharia wangemfunga pingu, sarafu walikuwa wameshaiona.