Bikoni zimefika shambani, tufanyeje? Maswali yenu kuhusu makazi mapya Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho ukiisha na fedha za mnada zikaingia mifukoni, habari za viwanja huanza upya huku kwetu. Safari hii mengi mliyouliza hayahusu kiwanja kimoja kimoja. Ni miradi mikubwa, mamia ya nyumba kupangwa kwenye mashamba yaliyo ubavuni mwa vijiji na mitaa ya zamani. Nimeyafupisha maswali na kuondoa majina. Naanza na lile lililoulizwa na wengi.

Shikamoo. Wamepita vijana wenye vifaa vya kupimia, wamesimika bikoni mbili katikati ya mikorosho yangu. Hakuna aliyenieleza kitu. Shamba ndiyo limeshakwenda? (Pembezoni mwa Manispaa, Mtwara)

Marahaba, mwanangu. Halijakwenda. Bikoni ni alama ya mpima, haihamishi umiliki wa mtu. Lakini usiing'oe, maana kung'oa bikoni ni kosa, na utawapa sababu ya kukugeuza wewe mlalamikiwa.

Swali la kwanza ni nani anaitaka ardhi. Kama ni Serikali kwa manufaa ya umma, ipo Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ya 1967: utapewa notisi, mali yako itathaminiwa, utalipwa fidia. Kama ni kampuni inayotaka kujenga nyumba za kuuza, haina mamlaka ya kutwaa shamba la mtu. Inanunua. Unaweza kutaja bei yako, na unaweza kukataa. Wajanja hupenda kuyachanganya haya mawili, wanakuja na gari, makoti ya kung'aa na maneno "mradi wa maendeleo", mtu anadhani amri imetoka juu. Muulize mwenyekiti wa mtaa kwa maandishi, nakala peleka idara ya ardhi ya Manispaa. Swali la mdomo hujibiwa kwa mdomo.

Ikiwa kweli ni utwaaji, fidia si ya mikorosho peke yake. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinataja thamani ya ardhi yenyewe kwa bei ya soko, majengo na mazao, posho ya usumbufu, na gharama ya kusafirisha mizigo, inayokadiriwa kwa tani 12 ndani ya kilomita 20. Ukipoteza nyumba unayoishi, ipo posho ya makazi: kodi ya mwezi mara miezi 36. Ukiwa na biashara pale, faida yake halisi ya mwezi nayo huzidishwa kwa 36. Nakutana na wazee wengi waliohesabiwa miti na vyumba tu, wakadhani ardhi ni bure kwa kuwa haina hati. Si bure. Haki ya kimila nayo ni haki.

Siku ya mthamini, uwepo wewe mwenyewe. Utapigwa picha umeshika kibao chenye namba mbele ya mali yako. Namba ile iandike pembeni, ndiyo utakayoitafuta kwenye orodha baadaye. Kabla hajafika, pita shambani na jirani au mjumbe mkahesabu pamoja: mikorosho inayozaa, ile michanga, minazi, miembe, kisima, choo. Miche iliyofunikwa na nyasi ndiyo hurukwa, kwa hiyo fyeka kuizunguka ionekane. Usisaini fomu yenye nafasi tupu. Ukishathaminiwa usiongeze mti wala chumba kwa kutega fidia, hakitahesabiwa.

Kuna na muda. Kwa Sheria ya Uthamini ya 2016, fidia inapaswa kulipwa ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe. Ikipita hapo inaanza kudaiwa riba, na ikifika miaka miwili uthamini ule umekufa, lazima ufanyike upya. Tarehe ya kuidhinishwa ni ya kuiulizia na kuihifadhi kama risiti.

Kampuni inataka ekari 900 kijijini kwetu kwa mji mpya wa nyumba. Mwenyekiti na wajumbe wameshasaini, tunaambiwa imetoka. Sisi wengine tuna kauli? (Mtwara Vijijini)

Mnayo, na kubwa kuliko mnavyoambiwa. Halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kwa niaba yenu, haiimiliki. Ardhi ya kijiji haiwezi kuwa mji wa kampuni mpaka ihamishwe iwe ardhi ya jumla, na njia hiyo imewekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Eneo likiwa hekta 250 au pungufu, anayekubali au kukataa ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani nyinyi wote mliotimiza miaka 18. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kupata mapendekezo ya mkutano huo huo. Hekta 250 ni kama ekari 618. Ekari 900 ni hekta 364 hivi, kwa hiyo hata mkutano mkuu hauwezi kulimaliza peke yake, sembuse wajumbe kwenye chumba cha ofisi.

Sheria inataka pia fidia ikubaliwe kabla ya ardhi kuhama: ni kiasi gani, italipwaje, lini. Itisheni mkutano na mtake afisa ardhi aje kujibu maswali mbele ya watu. Na muhtasari usomwe kabla ya kusainiwa. Muhtasari ulioandikwa wiki mbili baadaye huwa na watu wengi kuliko waliohudhuria.

Angalizo dogo: kama kijiji kimeshatangazwa kuwa eneo la upangaji, au kama wasemavyo watu wa ardhi "eneo limeiva", mambo ya kupanga yako chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007 na halmashauri ndiyo mamlaka. Lakini kuiva kwa eneo hakufuti haki ya aliyekuwa anamiliki.

Tumeonyeshwa mchoro wa makazi mapya. Barabara nzuri, shule, soko, vyote vipo. Mtaa wetu uliopo miaka yote umeachwa weupe pembeni, kama hakuna watu. Hii ni sawa? (Mtwara)

Si sawa, na hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mchoro unaoishia kwenye uzio haujamaliza kazi.

Mtwara tulishaliona. Mji huu ulichorwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa matumaini ya karanga. Mradi wa karanga ulianza 1947, bandari ikajengwa, reli ikaelekezwa Nachingwea, barabara zikachorwa pana kwa mji wa watu wengi mno, Shangani ya wakubwa baharini na mitaa ya wafanyakazi mbali nayo, katikati mapori. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa. Reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mapengo yale tumeyatembea kwa miguu miaka na miaka. Mama anayetoka Magomeni na ndoo ya samaki kichwani hakuwemo kwenye mchoro wa mtu yeyote.

Kwa hiyo kwenye kikao msiulize "tutapata nini?" Hapo mtaahidiwa mpira na jezi. Ulizeni mambo ya kwenye karatasi. Barabara ya ndani ya mradi inakutana wapi na njia yetu, au kuna geti? Bomba litakalojengwa litakuwa na matoleo upande wetu? Watu wa mamlaka ya maji, MTUWASA, na kwa Lindi LUWASA, wameshakadiria maji ya watu wapya bila kupunguza ya wa zamani? Ukiona nyumba 500 zimechorwa na chanzo cha maji hakijatajwa, ujue chanzo ni nyinyi. Shule iliyochorwa ni ya nani kuijenga, na lini? Shule ya kwenye ramani haina madawati.

Kisha ombeni mtaa wenu uingizwe kwenye mchoro huo huo kwa urasimishaji, nyumba zilizopo zipimwe zilivyo na njia zitambuliwe. Ni rahisi zaidi wakati wapima wako hapo na picha za anga zimeshalipiwa. Rasimu ya mpango huwekwa wazi kupokea maoni na pingamizi. Andikeni lenu, lipigwe muhuri wa kupokelewa, mbaki na nakala.

Kiwanja cha mpira nacho kichorwe. Kisipokuwa kwenye mchoro kama eneo la wazi, kitauzwa tu.

Sisi tuko chini, Mikindani. Wakijenga kule mlimani, maji yote yatatushukia. Tunamlalamikia nani? (Mikindani)

Lalamikeni sasa, kabla ya tofali la kwanza. Ardhi ya huko juu leo inakunywa mvua. Ikiezekwa mabati na kupigwa sakafu, maji yale yale yanatafuta njia, na njia ni nyinyi. Mradi mkubwa wa nyumba hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, NEMC, baraza la taifa la mazingira, wakiisimamia, na wanaoathirika husikilizwa. Wanaoathirika ni pamoja na walio nje ya mpaka wa mradi. Ulizeni jambo moja tu na msitoke mpaka lijibiwe: mtaro mkuu unaishia wapi? Wachoraji wengi huuchora vizuri mpaka ukingoni mwa ramani yao, halafu mshale. Mshale ule unaingia uani kwa mtu. Mtaro ufike baharini au bondeni ukiwa umejengwa, na mikoko isikatwe kuupitisha.

Mkiambiwa mnaogopa bure, Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, tukakaa kama kisiwa.

Kampuni ya upimaji inataka ekari zangu tano. Watapima bure, mimi nibaki na asilimia 60 ya viwanja, wao 40. Niingie? (Lindi)

Unaweza kuingia, na wako walionufaika kwa njia hii. Ila uliza kwanza: asilimia 60 ya nini?

Tufanye hesabu ya mfano. Ekari tano ni mita za mraba 20,235. Barabara na maeneo ya wazi yakichukua, tuseme, asilimia 30, zinabaki 14,164. Kwa viwanja vya mita 500 utapata 28. Wewe 17, wao 11. Ulidhani unabaki na ekari tatu, kumbe za kwako ni kama ekari mbili na kidogo. Si wizi, barabara lazima zitoke mahali, na kiwanja kilichopimwa kina bei. Wizi unakuja kwenye kuchagua: vya kona na vya barabara kuu vikienda kwao vyote, 17 vyako vya bondeni havina mnunuzi. Mkataba utaje mgao kwa namba za viwanja kwenye mchoro, au mchague kwa zamu.

Uandikwe pia nani analipia hati, muda wa kumaliza, na nini kitatokea wasipomaliza. Mchoro wa mipango miji na ramani ya upimaji vyote huidhinishwa, ni hatua mbili tofauti. Nenda Ofisi ya Ardhi ya Mkoa uhakikishe kila moja imepita kabla hawajaanza kuuza. Kampuni inayouza kwa mchoro ambao haujaidhinishwa itakuachia wanunuzi wakigonga mlango wako usiku. Na mkeo asaini. Kama shamba ni la urithi, kaeni na ndugu kwanza.

Ndani ya eneo la mradi kuna makaburi ya bibi na babu zetu. Tunaambiwa yatahamishwa. (Lindi)

Poleni. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969 inataka notisi kwa ndugu, taratibu za dini zifuatwe, na gharama za haki zilipwe. Lakini msianzie kwenye kuhamisha. Anzieni kwenye kuomba makaburi yabaki, yachorwe kama eneo la makaburi lenye njia ya kufika. Mara nyingi ni kipande kidogo ambacho mradi unaweza kukiacha, na mchoraji hakukiacha kwa sababu hakukiona. Huku makaburi mengi ya ukoo yako chini ya mikorosho, yana mawe mawili tu. Yapakeni chokaa kabla wapima hawajarudi.

Nimepata kiwanja Mitwero, mawimbi yanagusa. Nijenge? (Lindi)

Sheria ya mazingira inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Pima kwanza. Kama chote kiko ndani ya 60, mrudishie aliyekuuzia.

Tunasikia gesi inarudi. Nikope nijenge nyumba za kupangisha karibu na mradi mpya? (Mtwara)

Wengi mtakumbuka 2012 na 2013 kodi za Shangani zilivyopanda, na nyumba ngapi zilikuja kukaa na kufuli. Mradi wa gesi kimiminika wa Likong'o, Lindi, umezungumzwa zaidi ya miaka kumi. Unaweza kuja, lakini benki hungoja marejesho kila mwezi, haingoji mazungumzo. Jenga vyumba viwili kwa fedha ya korosho, acha nondo zimechomoza. Na kabla hata ya hivyo viwili, pita idara ya ardhi uone mchoro: huenda kiwanja chako kimepangwa kuwa barabara.