Shadowrun ya 2007: angalia kwanza utacheza na nani

Mdogo wangu, waulizia kama ile diski kuukuu ya Shadowrun, gemu ya mashine ya Xbox 360, uliyoiona hapo Malindi yafaa kununuliwa. Gemu hii haina hadithi ya kucheza peke yako; ni kupigana na wenzio tu, au na roboti, yaani wapiganaji waendeshwao na mashine yenyewe. FASA Studio walioitengeneza walifunga mwaka uo huo wa 2007, kwa hiyo mtandaoni usitarajie umati.

Lakini mchezo mtamu, wallahi! Bunduki na uchawi pamoja: wapenya ukuta, wamfufua mwenzako. Ila aliyekufufua akiuawa, nawe waanza kuvuja damu, basi utamlinda kama mboni. Tafuta rafiki mwenye Xbox na diski yake, muunganishe kwa waya. Humpati? Pesa yako kale biriani.