Moshi Tuliushinda Mahakamani, Ukahamia kwa Dada

Wahariri, swali lenu la wiki lilikuwa: "Hewa ya mtaa wako ikiharibika, utahama au utabaki udai haki?" Nimelisoma nikiwa kwenye daladala nikacheka peke yangu, abiria wa pembeni akanitazama vibaya. Kwetu hakuhama mtu. Uliohama ni moshi.

Sisi ni wa Tabata. Leo ukitaja Tabata watu wanawaza baa na kitimoto, lakini miaka ya 80 jina hilo lilikuwa na maana moja tu mjini: jalala. Taka za Dar es Salaam zilimwagwa pale, zikawa zinawaka zenyewe usiku na mchana, matairi, nailoni, manyoya ya kuku. Mwaka 1988 wakazi wakaenda Mahakama Kuu wakashinda. Jiji likarudi kuomba muda wa kuendelea kumwaga taka, na muda tena, mpaka mwaka 1991 Jaji Lugakingira akasema hajapata kusikia popote mamlaka ya umma ikienda mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Marehemu baba alikuwa mmoja wa waliochanga hela za kesi. Maneno ya jaji aliyajua kwa moyo kama wengine wanavyojua mpira.

Kwa hiyo jibu langu lilikuwa tayari kabla sijashuka kituoni: baki, dai haki yako. Halafu nikakumbuka posa ya dada.

Ilikuwa Jumamosi, mwaka 1987, kipindi cha kusi, na kusi ikivuma moshi wote ulikuwa wetu. Wageni walikuwa wanatoka Vingunguti, ng'ambo tu ya pale, lakini mama alijiandaa kama anayepokea ujumbe kutoka Unguja. Alfajiri alitandika vitambaa vyeupe vya kufuma kwenye viti vyote. Saa tatu vilikuwa na vidoa vyeusi. Akavikung'uta. Masizi hayakung'utwi, yanapakwa tu, na kadiri alivyokung'uta ndivyo vilivyozidi kuwa vya kijivu. Akavigeuza upande wa pili. Kisha akatoa amri: madirisha yote yafungwe, tambara lililoloweshwa maji liwekwe chini ya mlango, na sufuria la pilau litoke uani liingie ndani, lisije likapata majivu ya jalala. Majiko mawili ya mkaa yakawekwa koridoni. Na kwa kuwa harufu ilikuwa imeshaingia, akawasha chetezo cha udi. Udi haukuzimwa mpaka wageni walipoondoka.

Chumba chetu cha mbele kilikuwa cha watu sita waliobanana. Siku ile tuliingia kumi na tatu.

Mshenga alikuwa mzee mnene mwenye koti, na kitambaa chenye barua ya posa amekishika kwa mikono miwili. Akaanza kwa salamu na dua, akafika kwenye "tumeona ua katika bustani yenu", akakohoa. Akarudia ua. Akakohoa tena mpaka kofia ikamdondoka. Shangazi yangu, ambaye hakuwa na adabu kabisa, alicheka. Mzee akafuta machozi akasema, "Basi hili ua tunalitoa kwenye moshi." Wageni wakapiga makofi. Baba alitazama chini. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilielewa kabisa kwamba tumetukanwa, na kwamba wametutukana kwa ukweli.

Ndipo mdogo wangu akashikwa na pumu. Alikuwa amefungiwa chumba cha ndani, mlango ukiangalia yale majiko. Nilimsikia kabla sijamwona, kifua kinapiga filimbi, midomo imebadilika rangi. Nikambeba mpaka uani, mama akinifuata huku ananong'ona "mfunike pua, mfunike pua," kwa sababu nje kulikuwa na ule moshi wa jalala, mweupe, mzito, unaopita juu ya paa. Nikamkalisha juu ya kinu. Na pale pale, katikati ya moshi wa taka za jiji zima, mtoto akaanza kupumua.

Nimeikalia hii habari karibu miaka arobaini bila kuifikiri. Mhariri akiona nimeirefusha, mkasi anao.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Jiji lilipofungiwa Tabata likajaribu Kunduchi Mtongani. Kule nako mtu mmoja na wenzake mamia wakaenda mahakamani, wakashinda. Ndipo dampo likaja Vingunguti, kwenye mteremko wa bonde la Msimbazi, likakaa mpaka 2001. Dada yangu, ua lililotolewa kwenye moshi, alikuwa ameshakaa kule na watoto wawili. Vingunguti hawakuwa na watu wa kuchangishana wakili kama kwetu. Baadaye likaenda Mtoni, halafu Pugu Kinyamwezi, ambako lipo hadi leo, na Pugu nako kuna dada wa mtu.

Nilipofika hapa nilitaka kuandika kwamba sisi wa Tabata tuna deni. Niliandika hata sentensi yenyewe. Nimeifuta, maana nilimpigia dada simu.

Kifua chake kibovu, hilo kweli. Akipanda ngazi anapumzika mara mbili, na mwaka jana amepewa dawa ya kuvuta. Nikamuuliza, dada, ni lile dampo? Akanyamaza kidogo. Akasema dampo lilikuwa mbali, upepo ukigeuka unapumzika, lakini vitumbua havina upepo. Amekaanga vitumbua kwa miaka ishirini na tatu, kila siku saa kumi alfajiri, kwenye kibanda cha mabati chenye mlango mmoja, maranda na mkaa, akiuwasha kwa mfuko wa rambo. Mifuko ilipopigwa marufuku Juni 2019 akahamia kwenye vipande vya chupa za maji. Daktari alipomuuliza kazi yake alijibu, "Mama wa nyumbani."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Angeniambia niache. Nani angesomesha wale?"

Basi, wahariri, hukumu yangu ni hii, na naitoa nikiwa nimeishika kwa vidole viwili. Kesi ya Tabata ilikuwa ya haki, na leo ningechanga tena. Ila anayeshinda asijidanganye kwamba moshi umekufa. Aulize umepelekwa kwa nani. Na kabla ya kuulizana habari za kuhama mtaa, nadhani, sidai kwamba nina uhakika, jiko ndilo lingeanza kuhama koridoni. Kwa moshi wa aina hii Shirika la Afya Duniani lilishusha mwaka 2021 kiwango cha juu linachokipendekeza, kutoka maikrogramu 10 za chembe laini, zile ndogo zinazozama mapafuni, kwa mita ya ujazo hadi 5, kwa wastani wa mwaka. Sijui nani angethubutu kuingiza mashine ya kupimia kwenye kile kibanda cha vitumbua. Binti yangu anatafuta chumba cha kupanga sasa hivi, na sijamwuliza ni mtaa gani. Nimemwuliza jiko liko wapi na lina dirisha au halina. Nimesema baki udai haki, najua, na mwanangu namwambia akague dirisha. Muone wenyewe.

Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Dada atakuwa na miaka 67. Mtungi wa gesi anao, nilimnunulia mimi. Anachemshia chai tu. Maharage, anasema, gesi itaisha kabla hayajaiva.