Niliogopa Kisu kwa Miaka Saba: Ushauri kwa Anayeahirisha Upasuaji

Kwa miaka saba niliishi na ngiri upande wa kulia wa kinena, na kwa muda wote huo nilijua vizuri kwamba tiba yake ni upasuaji. Sikukosa elimu wala watu wa kunishauri. Nilichokosa ni moyo wa kuvuka geti la hospitali na kukubali kulazwa. Naandika makala haya kwa ajili ya yule ambaye ameshaambiwa na daktari kwamba anahitaji kupasuliwa, akaitikia, akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo kila wiki anatafuta sababu mpya ya kutokwenda.

Ninaishi Ujiji na biashara yangu ni mawese. Kwa miaka mingi nilikuwa nikipakua mwenyewe madumu ya lita 20 kutoka kwenye magari yaliyotoka Mwandiga. Sisemi kwamba madumu peke yake ndiyo yaliyoniletea ngiri, kwa sababu daktari alinieleza baadaye kwamba wanaume wengi huzaliwa na udhaifu mahali pale, na kwamba kazi nzito, kikohozi cha muda mrefu au kujikamua chooni huongeza msukumo hadi misuli ya tumbo inaachia na sehemu ya utumbo inapata njia ya kujitokeza. Siku niliyougundua uvimbe nilikuwa naoga jioni. Nikakohoa, nikahisi chini ya vidole vyangu kitu laini chenye ukubwa wa ndimu. Nilipolala kikarudi ndani chenyewe, na kwa kuwa kilirudi, nikajiambia kwamba huo si ugonjwa.

Hofu yangu ilikuwa na chanzo ninachokijua. Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, baba yangu mdogo aliyekuwa akiishi nasi alikuwa na ngiri ya aina hiyohiyo, na usiku mmoja uvimbe wake ukagoma kurudi ndani. Kwa siku mbili alikandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa dawa za mizizi huku akitapika kila alichopewa. Siku ya tatu alibebwa hospitali akiwa hajiwezi, akapasuliwa usiku, na alfajiri akafariki. Watu wazima waliokuja msibani walisema, “Wamempasua, amekufa.” Maneno hayo ndiyo yaliyobaki kichwani mwangu kwa zaidi ya miaka thelathini. Hakuna aliyezitaja zile siku mbili.

Sasa ninafahamu kilichotokea. Utumbo unapokwama kwenye lile tundu, mishipa ya damu hubanwa, na utumbo usiopata damu huanza kufa kwa saa chache tu, si kwa siku. Madaktari waliompokea baba mdogo walimpokea mtu ambaye tumbo lake lilikuwa limekwisha kuoza kwa ndani, na walimpasua kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kumnusuru. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na ninaamini kwamba sisi mitaani tunaujua upasuaji kupitia waliochelewa. Yule aliyekwenda kwa miguu yake, siku aliyopangiwa, akapasuliwa asubuhi na kurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili, hana simulizi. Hakuna anayekusanya watu kumzungumzia. Kwa hiyo unaposema kwamba unaogopa upasuaji, jiulize kwanza ni upasuaji upi unaouogopa, ule wa kupangiwa ukiwa na nguvu zako, au ule wa usiku wa manane ukiwa umebebwa. Mimi nilikuwa nikiukimbia wa kwanza kwa kuuogopa wa pili, na kila mwaka niliokimbia ulizidi kunisogeza kwenye huo wa pili.

Hofu haikuja peke yake. Ilifuatana na aibu, na nadhani kwa wanaume wa huku kwetu aibu ndiyo iliyo nzito zaidi. Kila siku napita karibu na kumbukumbu ya Dkt. Livingstone hapa Ujiji, mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871. Watoto wa shule huletwa pale kufundishwa habari za safari zake, lakini ni wachache wanaoambiwa kwamba mtu yule, ambaye mwenyewe alikuwa daktari, alisumbuliwa na bawasiri iliyokuwa ikimtoa damu, na kwamba alipokuwa Uingereza mwaka 1864 Profesa James Syme wa Edinburgh alimshauri afanyiwe upasuaji. Alikataa, kwa kuwa hakutaka ugonjwa wa mahali kama pale ujulikane kwa watu. Mwaka 1873 alifariki katika nchi ambayo leo ni Zambia, akiwa amedhoofika kwa kuhara na kutokwa damu. Nilipolisoma jambo hilo sikuweza kuendelea na kazi siku ile. Mtu aliyevuka nusu ya Afrika kwa miguu alishindwa na aibu ileile iliyonishinda mimi.

Shangazi yangu, mwanamke wa makamo ambaye hupima maneno yake, aliwahi kuniambia, “Mficha uchi hazai, mwanangu, na wewe unaficha hata maumivu.” Nilimjibu kwamba nitakwenda baada ya msimu wa mawese. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesikia vijiweni kwamba mwanamume akipasuliwa kinena anapoteza nguvu zake, na sikuwa na ujasiri wa kumuuliza mtu yeyote kama ni kweli. Badala yake nilinunua dawa ya ngiri sokoni, chupa baada ya chupa. Watu wetu huita ngiri mambo mengi, kuanzia tumbo kunguruma hadi maumivu ya kiuno, na inawezekana dawa zile humsaidia mwenye tatizo jingine. Lakini ngiri ya kweli ni tundu kwenye ukuta wa misuli, na hakuna kinywaji kinachoshona tundu.

Mara ya kwanza nilipojitahidi kwenda, mambo yaliharibika. Nilimwambia mhudumu mmoja kwamba naogopa nusu kaputi, naye akanijibu kwa sauti, mbele ya foleni nzima, kwamba wanawake wanajifungua kwa kisu kila siku na mimi mwanamume mzima nalialia. Niliondoka na sikurudi kwa miaka miwili. Siwezi kulifanya jibu lile kuwa kisingizio, lakini ninawaomba wahudumu wa afya watakaosoma hapa waelewe kwamba mtu anayetamka hofu yake ameshafika nusu ya njia, na neno moja linaweza kumrudisha alikotoka. Nawe mgonjwa, ukijibiwa hivyo, muulize mwingine palepale. Nilipokwenda mara ya pili, kwenye hospitali nyingine, nilikutana na watu wenye subira, na laiti ningewatafuta mapema.

Kilichonisaidia hasa ni karatasi. Mke wangu aliniambia niandike kila ninachokiogopa, kimoja kimoja, kwa sababu nilikuwa nikisema “naogopa hospitali” kana kwamba ni kitu kimoja. Nilipoandika niliona kwamba yalikuwa mambo sita: kutoamka baada ya nusu kaputi, kuvuliwa nguo mbele ya mabinti wenye umri wa watoto wangu, kupoteza nguvu za kiume, maumivu, gharama, na kufa nikiwa peke yangu. Nakusihi ufanye hivyo kabla ya jambo lingine lolote. Hofu iliyoandikwa hugeuka kuwa swali, na swali lina mtu wa kulijibu.

Suala la gharama lilichukua dakika kumi tu kwenye dirisha la malipo. Ulizia mapema, ulizia bima yako inagharimia nini, na kama huna uwezo ulizia ofisi ya ustawi wa jamii iliyopo hospitalini. Kuhusu nguvu za kiume, daktari bingwa wa upasuaji alinisikiliza bila kucheka. Akanieleza kwamba mishipa inayokwenda kwenye korodani hupita karibu na mahali panaposhonwa, kwa hiyo huilinda kwa uangalifu mkubwa, na kwamba kupasuliwa ngiri hakumwondolei mtu uanaume wake. Akasema pia kwamba ngiri inayoachwa ikue ndiyo inayoifanya kazi yao kuwa ngumu zaidi.

Kuhusu nusu kaputi nilikosea tangu mwanzo, kwa kuwa nilidhani kila anayepasuliwa hulazwa usingizi kabisa. Mtaalamu wa usingizi alikuja wodini jioni, akaketi kwenye kiti kando ya kitanda changu, akaniambia kwamba kwa upasuaji wangu ingetosha sindano ya ganzi ya mgongoni, na kwamba nitakuwa macho. Aliniuliza kama nina mzio wa dawa, kama natumia pombe, kama nimewahi kupata shida ya moyo au pumu, na kama ninakunywa dawa za mitishamba. Mjibu mtu huyu ukweli mtupu, hata kama umewaficha wengine wote, kwa sababu dawa anazochagua zinategemea majibu yako. Aliniambia vilevile nisile chochote usiku ule, akanieleza sababu: mtu anapokuwa chini ya dawa, chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni na kuingia kwenye mapafu. Ndugu wengi humletea mgonjwa chai ya siri asubuhi kwa huruma, nao hawajui kwamba wanamhatarisha.

Asubuhi ya siku yenyewe niliulizwa jina langu na upande wenye ngiri na watu watatu tofauti, na mmoja wao akachora alama kwa kalamu juu ya kinena changu. Mwanzoni nilifadhaika, nikadhani hawanijui. Nesi akanituliza: “Tunajua, baba, ila lazima tuulize.” Kumbe ni utaratibu ambao Shirika la Afya Duniani liliutoa mwaka 2008, unaotaka timu ihakiki mambo kwa sauti kabla ya ganzi, kabla ya kukata, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Kwa hiyo ukiulizwa mara tatu, usiogope. Jibu mara tatu.

Niliketishwa ukingoni mwa meza nikiwa nimekumbatia mto, mgongo nimeupinda kama paka aliyeshtuka. Nilisikia baridi ya spiriti ikipakwa, kisha mchomo usiozidi ule wa sindano ya malaria niliyochomwa utotoni, kisha joto likashuka mapajani kana kwamba nimeingizwa kwenye maji ya uvuguvugu. Baada ya dakika chache niliambiwa niinue mguu, nikashindwa. Kwenye kidole nilikuwa nimebanwa kifaa kinachopima oksijeni, na mlio wake wa kila pigo la moyo ulinifariji kuliko maneno. Wala sikuwa peke yangu: mtaalamu wa usingizi alikaa kichwani pangu muda wote, akinieleza kila kinachofuata. Nilihisi kuvutwavutwa tumboni, bila maumivu. Ile aibu niliyoibeba miaka saba iliisha ndani ya dakika moja, kwa sababu niliona kwa macho yangu kwamba pale hakuna aliyekuwa akiutazama uchi wangu. Walikuwa wakiitazama kazi yao.

Maumivu yalikuja usiku, ganzi ilipokwisha, na sitakudanganya kwamba yalikuwa madogo. Lakini yalipungua kwa dawa, na nesi alinifundisha kukandamiza mto juu ya kidonda kila ninapotaka kukohoa. Kichwa kiliniuma kwa siku mbili, jambo ambalo nilikuwa nimeshaonywa kwamba linaweza kutokea baada ya sindano ya mgongo. Siku moja baada ya upasuaji nilitembea taratibu hadi kwenye gari na kurudi Ujiji, nikakatazwa kubeba kitu kizito kwa wiki sita.

Kama una ngiri na bado unasubiri, lishike jambo hili moja: uvimbe ukiwa mgumu, ukauma na kukataa kurudi ndani, hasa ukianza kutapika au kushindwa kutoa hata upepo, usikandwe wala usisubiri kukuche. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Wiki iliyopita kijana mmoja anayebeba mizigo kule Kibirizi alikuja nyumbani jioni, akakaa muda mrefu bila kusema lililomleta. Nilimletea daftari na kalamu. Ameandika mambo manne, na la kwanza ni nusu kaputi. Amepangiwa Jumanne, nami nitamsindikiza. Tutaondoka saa 12 asubuhi, na mama yake nimeshamwomba asimpikie chai.