Usisubiri ripoti ya CAG, ingia kamati ya mapokezi

Kila Aprili ni yaleyale. Ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zikitinga bungeni, redio zinachemka, na kwenye vijiwe vya kahawa Kirumba kila mtu anageuka mkaguzi. Hasira hudumu mpaka mechi kubwa ijayo. Mimi ripoti hizo nazisoma, tena kwa hamu, ila tukumbuke zinahusu nini: mwaka wa fedha ulioisha 30 Juni ya mwaka uliotangulia. Siku unayosikia kwamba darasa fulani lilijengwa ovyo, watoto wameshalikalia na aliyesaini malipo pengine ameshahamia halmashauri nyingine.

Kwa hiyo kama kweli kodi yako inakuuma, kaa pale pesa inapotumika kabla haijaisha. Miradi mingi ya shule na zahanati siku hizi inajengwa kwa fosi akaunti. Pesa inaingia akaunti ya shule, anatafutwa fundi wa hapahapa, na wananchi wanaingia kwenye kamati: ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi ya vifaa. Hata madarasa ya fedha za UVIKO (korona) ya mwaka 2021, yale ya milioni 20 kila moja, yalijengwa kwa mtindo huo. Siku ya kuchagua wajumbe, wengi hukimbilia manunuzi wakidhani ndiko kwenye ulaji. Waachie. Wewe omba mapokezi.

Nimewahi kukaa kwenye kamati hiyo katika shule moja ya kata huku Mwanza, na naweza kusema ndiyo yenye meno. Mzabuni halipwi mpaka nyinyi msaini kwamba mzigo umefika, idadi hii, ubora huu. Wizi mwingi wa mradi mdogo unapita hapo, kwenye saini, wala hauhitaji akili nyingi.

Chukua kokoto na mchanga. Hesabu huandikwa kwa tripu, na tripu haina kipimo mpaka ujue lori lenyewe. Karatasi inaweza kuwa na lori la tani 7 halafu kikaingia kigari ambacho hata nusu yake hakifiki. Beba futi kamba, pima bodi urefu, upana na kina cha mzigo, zidisha, uandike mita za ujazo. Dereva atakucheka. Mwache acheke.

Nondo ni mtihani zaidi, maana ya milimita 12 na ya milimita 10 zikiwa zimefungwa pamoja macho yanadanganyika. Ila uzito haudanganyi: nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina karibu kilo 10.7, ya milimita 10 ina kilo 7.4 hivi. Sisi tuliazima mzani wa kuning'iniza kwa muuza sangara, tukapima moja moja kwa kuchagua bila mpangilio. Habari ile ilimfikia mzabuni kabla hajaleta awamu ya pili.

Kipindi cha kuwa macho zaidi ni Juni. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, kila mtu anaogopa pesa kurudi Hazina, na hapo ndipo utaletewa karatasi usaini mzigo ambao haujafika.

"Saini tu mzee wangu, saruji iko njiani."

"Njiani wapi?"

"Imeshavuka Kisesa."

Nilimjibu kijana wa watu kwamba ikivuka na geti la shule nitasaini. Alinuna. Ilipofika ilikuwa pungufu, nikaandika idadi iliyoshuka, si iliyo kwenye ankara, na malipo yakafuata idadi hiyo.

Niseme pia kwamba si kila upungufu ni wizi. Mwalimu wa Hisabati anaamka asubuhi ameambiwa asimamie mamilioni, manunuzi yapite kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, na vipindi vyake afundishe. Wakuu wa shule wengi hoja za ukaguzi zinawakuta kwa sababu risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, imekosekana, basi. Ukimsaidia kutunza daftari la stoo utakuwa umeokoa pesa nyingi kuliko kumpigia kelele.

Kwenye mkutano wa mtaa usiulize "pesa zetu ziko wapi?" Swali hilo hujibiwa kwa hotuba. Omba kuona kitu: daftari la stoo, muhtasari wa kamati, makadirio ya fundi. Kijijini, mkutano mkuu ni kila baada ya miezi mitatu kwa mujibu wa sheria, na mapato na matumizi yasomwe hapo. Wakikujibu kwamba halmashauri ina hati safi, hongera zao, ila hati hiyo inasema vitabu vya hesabu vimeandaliwa sawasawa. Haisemi kwamba nondo zako zilipimwa.

Ukinyimwa karatasi, mwandikie mkurugenzi wa halmashauri ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa siku 30 kukujibu. Nenda na nakala mbili, moja igongwe muhuri masjala urudi nayo. Ukiwa na harufu ya rushwa kabisa, TAKUKURU wako kwenye 113 na simu ni bure. Barua iwe fupi: jina la mradi, mwaka wa fedha, karatasi unazozitaka. Ukichanganya humo na ugomvi wako na mwenyekiti wa mtaa, itawekwa pembeni, na aliyeiweka atakuwa na kisingizio.