Kuruka hadi kwenye mstari wenye kosa bila kutoka Vim

Mkuu, umesema unaandika lugha ya C kwenye Vim (kihariri cha maandishi), unatoka kwenda terminali kuita gcc (kompaila ya C), unasoma namba ya mstari, kisha unarudi kuutafuta. Usitoke. Faili ikiwa hesabu.c, andika `:make hesabu`. Amri hiyo inaita make, programu ya kujenga msimbo. Hata Makefile (faili ya maelekezo ya make) huhitaji, make ya GNU inajua yenyewe la kufanya. Kosa likipatikana, kasa (alama ya kuandikia kwenye skrini) inatua kwenye mstari wake. `:cn` inakupeleka kosa linalofuata, `:cp` inakurudisha, na `:copen` inafungua orodha nzima chini ya skrini. Kama hupendi kurushwa papo hapo, tumia `:make!`. Kwa Java ni `:compiler javac`, halafu `:make %` (`%` ni faili uliyoifungua).

Weka `set autowrite` kwenye ~/.vimrc. Bila hiyo Vim haihifadhi faili kabla ya kuita make, na utabaki unashangaa kosa ulilolifuta linatokea tena.

Orodha usiimalize yote. Nukta mkato ikikosekana baada ya struct ndani ya faili ya .h, kompaila inaweza kulalamikia mistari ya .c isiyo na tatizo lolote. Rekebisha la kwanza, labda la pili, uite `:make` tena. Maonyo ya -Wall (chaguo la gcc la kuonyesha maonyo mengi) ndiyo ya kupitia moja moja, na hapo Vim ina uungwana wake: ukiongeza mistari juu, nafasi za makosa yaliyo chini zinasogea pamoja na msimbo.

Sasa tatizo lililonisumbua kazini. Mradi ulikuwa na folda nyingi, kila moja na Makefile yake, na kila nikipiga `:cn` Vim ilifungua faili tupu. Sababu ni kwamba gcc ilikuwa inataja njia ya faili kuanzia folda ndogo, Vim ikaitafuta kuanzia folda kuu. Kwa kawaida make hutangaza "Entering directory" inapoingia folda nyingine, na Vim hulisoma tangazo hilo kupitia `errorformat`, mpangilio wake wa kutambua ujumbe wa makosa. Mtu alikuwa ameweka `--no-print-directory`, chaguo la make linalozima tangazo hilo, ili matokeo yaonekane nadhifu! Nikaiondoa, kila kitu kikakaa sawa. Kama mashine yako inatoa ujumbe kwa lugha nyingine, anzisha Vim kwa `LC_ALL=C vim`, maana inatafuta maneno hayo hayo ya Kiingereza.

Wa Emacs, kihariri kingine, wao wana `M-x compile`, kisha `M-g n`. Mengine yako kwenye `:help quickfix`, jina la Vim la orodha hiyo ya makosa.